Mradi utakaoendelea kuwaka juri likishaondoka: vidokezo 11 kwa wanafunzi wa umeme wa Goma

Kila mwaka wanafunzi wa umeme wa vyuo vya Goma, kuanzia ULPGL hadi ISTA, wanaandaa TFC, kazi yao ya mwisho wa masomo, wanatetea mbele ya juri, wanapigiwa makofi, na kisanduku walichokitengeneza kinarudi nyumbani kwenye mfuko wa plastiki. Haupiti muda mrefu, waya zake zinachomolewa kwa kazi nyingine. Nje ya ukumbi, mama wa Katoyi bado anaamka usiku kuwahi maji, kinyozi wa Majengo bado anapoteza wateja umeme ukikatika, na mtoto wa Bulengo bado analala chini, mahali ambapo hewa mbaya hujikusanya. Mji huu umejaa shida za kila siku ambazo mwanafunzi mwenye multimita, bodi ndogo na subira anaweza kuzipunguza kweli. Vidokezo hivi vinalenga jambo moja: kifaa chako kiwe bado kinafanya kazi nusu mwaka baada ya wewe kupata pointi zako.

1. Tafuta mtu kwanza, bodi baadaye

Wengi huanza na Arduino waliyo nayo mkononi, halafu wanahangaika kuitafutia shida ya kutatua. Geuza mpangilio. Shuka Kituku alfajiri uone watu wanavyochota maji ziwani kwa bidoni za njano. Kaa kwenye saluni ya Birere saa moja jioni, umeme ukikatika katikati ya kichwa cha mteja. Panda motari usiku kutoka Ndosho kwenda mjini uone chukudu zinavyoteremka na mizigo bila hata taa moja. Shida ya umeme ina saa yake. Ukiitafuta mchana, hutaikuta.

Kisha uliza, kwa adabu na kwa maneno ya nyumbani. Ukimwambia mama mwenye duka kwamba unataka kumtengenezea mfumo wa akili bandia, atakuitikia tu ili uende zako. Ukimwuliza, "Mama, umeme ukikatika usiku, kitu gani kinakuharibikia kwanza?" atakupa mada ya TFC bila malipo: "Mwanangu, samaki wanaoza. Na ukirudi, unarudi na nguvu nyingi, friji yangu ya kwanza iliungua hivyo." Hapo una miradi miwili, na wa pili tutaufungua kwenye kidokezo cha 4.

Mkenya Evans Wadongo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta alipobuni taa ya sola ya MwangaBora mwaka 2004. Hakuhitaji kusoma ripoti ndefu kuhusu koroboi, kwa sababu utotoni alisomea kwa mwanga na moshi wake. Nawe chagua shida unayoijua kwa kiasi hicho, au mtafute anayeijua, ukae karibu naye.

2. Punguza mradi, kisha upunguze tena

Najua mvuto wa mambo makubwa. Ziwa Kivu limebeba gesi ya methani, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt wa Karongi unazalisha megawati 26 kwa gesi hiyo tangu mwaka 2016. Kule Rutshuru, kituo cha Matebe kinatumia maji kuzalisha megawati 13 hivi tangu mwishoni mwa 2015. Hapa Goma penyewe, Nuru iliwasha mwaka 2020 uwanja wake wa sola wa megawati 1.3. Ni kazi nzuri za kujivunia, ila zimehitaji makampuni, mikopo na miaka. TFC inayokadiria mtambo wa megawati kwenye karatasi itabaki kwenye karatasi.

Jipime hivi: je, unaweza kueleza kazi ya kifaa chako kwa sentensi moja fupi ambayo bibi yako ataielewa? "Kinalia tangi likijaa." "Kinakata umeme ukizidi." "Kinawasha taa nyuma ya chukudu." Ukihitaji neno "na" mara tatu, una miradi mitatu. Chagua mmoja, wagawie wenzako iliyobaki.

3. Hesabu wati-saa kabla ya kuingia dukani

Tuseme unamtengenezea kijana wa Mugunga kibanda cha kuchajia simu kwa sola. Betri ya simu ya kawaida ina ujazo wa milliampea-saa 4,000 hivi, na volti yake ni 3.85. Zidisha: ni wati-saa 15. Simu 30 kwa siku zinataka wati-saa 450. Ongeza kinachopotea njiani kwenye waya, kwenye kichaji na kwenye betri yenyewe, ufikie 600.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku utaiua mapema. Kwa hiyo nusu yake, wati-saa 600, ndiyo mali yako halisi. Ndiyo betri inayokutosha, bila akiba kwa siku ya mawingu mazito. Paneli nayo? Kwa Goma hesabu kwa tahadhari saa 4 za jua kamili kwa siku, maana msimu wa mvua unalifunika anga vizuri. Paneli ya wati 200 kwa saa 4 ni wati-saa 800, na ukitoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na hasara nyingine, unabaki na 600. Hesabu imekaa.

Kosa linaloua vibanda vingi ni inveta. Watu wanabadilisha volti 12 za betri kuwa 220, halafu wanachomeka vichaji vinavyorudisha 220 kuwa 5. Unalipa ushuru mara mbili. Na inveta inakula hata kama hakuna simu iliyochomekwa: ikila wati 10 tu bila kazi, kwa siku nzima ni wati-saa 240, zaidi ya theluthi ya ulichovuna. Toka 12 kwenda 5 moja kwa moja kwa kibadilishaji kidogo cha volti, na inveta iache nyumbani.

4. Kilinzi cha friji: mradi mdogo wenye faida kubwa

Turudi kwa mama wa samaki. Volti za mtaani, ambazo kwa jina ni 220, hushuka na kupanda, na dakika ya hatari ni ile umeme unaporudi kartie nzima kwa pamoja. Kisanduku kinachopima volti, kikakata zikitoka nje ya mipaka na kusubiri kabla ya kuwasha tena, kitaokoa friji na mtaji uliomo ndani yake. Vilinzi vya namna hii vinauzwa madukani. Chako kina nafasi kama unaweza kukirekebisha kwa volti za kartie yako na kama fundi wa jirani anaweza kukifungua.

Mambo manne yanatenganisha kilinzi kizuri na kile cha maonyesho.

La kwanza ni kusubiri. Kompresa ya friji ikizimwa, gesi ndani inabaki na shinikizo upande mmoja. Ukiiwasha papo hapo inakwama na kuchemka. Ipe dakika 3 hadi 5 kila mara, hata kama umeme ulipotea kwa sekunde moja.

La pili ni nafasi kati ya kukata na kurudisha. Ukikata kwenye volti 180 na kurudisha kwenye 181, rilei itapiga ta-ta-ta usiku kucha. Kata kwenye 180, rudisha kwenye 195.

La tatu ni rilei yenyewe. Ile ndogo ya bluu iliyoandikwa ampea 10 inaonekana inatosha, kwa kuwa friji ya nyumbani ikitembea haifiki hata ampea 2. Lakini kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo, na ncha za rilei hushikana kwa joto. Zikishikana hazifunguki tena, na kilinzi chako kinabaki kipande cha waya. Weka rilei ya ampea 30 au kontakta.

La nne ni kusawazisha kipimo. Moduli ya ZMPT101B ni rahisi kupatikana, lakini namba inayotoa haina maana mpaka uilinganishe na multimita nzuri kwenye volti tofauti: asubuhi, saa mbili usiku watu wote wakipika, na saa nane usiku mji umelala. Andika namba hizo kwenye daftari. Tayari una jedwali la sura ya tatu, na hukulibuni.

Na tafadhali: volti 220 zinaua. Usifanye majaribio ukiwa peke yako, wala bila disjonkta diferensiali ya milliampea 30 kati yako na ukuta.

5. King'ora cha mazuku, ukikifanya kwa uangalifu unaostahili uhai wa mtu

Kama kuna mradi ambao ni wa Goma kabisa, ni huu. Gesi ya kaboni dioksaidi inapanda kutoka ardhini kupitia nyufa za lava upande wa magharibi wa mji, kuanzia Mugunga, Bulengo na Lac Vert mpaka kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama kwenye mabonde na mashimo, ndiyo yanayoitwa mazuku, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Mbuzi hufa, na watoto hufa. Vita vilipojaza watu kwenye kambi za upande huo, familia zililala chini kwenye mahema, palepale gesi inapojikusanya.

King'ora kinachopima gesi na kupiga kelele kinawezekana kwa bei ya mwanafunzi. Lakini hapa nusu-kazi ni mbaya kuliko kutofanya kabisa, kwa sababu mtu ataamini ukimya wa kifaa chako. Basi sikiliza.

Usitumie MQ-135. Ni rahisi, imejaa kwenye miradi ya wanafunzi, na wauzaji wanaiita kihisi cha ubora wa hewa. Inaitikia amonia, pombe, moshi na vingine vingi. Kwa kaboni dioksaidi haiaminiki, na moshi wa makala peke yake utaifanya ilie. Unahitaji kihisi kinachopima kwa mwanga wa infraredi, kama MH-Z19.

Soma karatasi ya kihisi hicho mpaka mwisho. Hewa ya kawaida ina chembe 420 hivi za gesi hiyo kwa kila milioni. Sehemu nyingi za kazi duniani huweka kikomo cha 5,000 kwa siku ya saa 8. Kwenye mazuku kali kiwango kinaweza kuvuka 100,000, yaani asilimia 10 ya hewa, na hapo mtu anazimia ndani ya dakika chache. MH-Z19 inaishia 2,000, 5,000 au 10,000 kulingana na aina. Kwa hiyo haiwezi kukuambia mazuku ni kali kiasi gani. Inaweza kukuambia tu kwamba ni wakati wa kutoka. Kwa king'ora hiyo inatosha, mradi uandike wazi kwamba kifaa hakipimi ukali, na namba ikigota mwisho kisiendelee kuandika namba ile kana kwamba ni kipimo. Kiandike "TOKA".

Halafu kuna mtego uliofichwa. Vihisi hivi vingi hujisawazisha vyenyewe: vinachukua kiwango cha chini kabisa cha siku na kudhani hicho ndicho hewa safi, 400. Kwenye ofisi ya Ulaya inafaa. Kwenye nyumba ya Bulengo ambayo hewa yake huenda haisafiki kabisa, kihisi kitazoea sumu kidogo kidogo na kuiita hewa safi. Zima kujisawazisha huko kwa amri iliyomo kwenye karatasi yake, kisha kisawazishe mwenyewe nje, mahali pa wazi penye upepo, mbali na mabonde.

Goma iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kihisi kilichosawazishwa kiwandani karibu na bahari kinasoma chini ya ukweli hapa, kwa asilimia 15 hivi. Rekebisha kwenye msimbo, na uielezee juri umerekebisha vipi.

Mahali pa kukiweka? Wanafunzi hupenda kukitundika ukutani kwenye usawa wa macho, kinapendeza kwenye picha. Gesi inaanzia chini. Kiweke sentimita 30 kutoka sakafuni, karibu na kichwa cha mtoto aliyelala. Kukijaribu, changanya siki na baking soda ndani ya beseni na uweke kihisi juu ya ukingo. Usimpeleke mtu wala mnyama kwenye bonde la mazuku ili kuthibitisha kazi yako. Na kabla hujakiacha kwenye nyumba ya mtu yeyote, peleka michoro yako kwa wataalamu wa Kituo cha Kuchunguza Volkano cha Goma, OVG. Wanayajua maeneo haya kwa jina na kwa historia.

6. Moduli ya SIM800L inajizima? Ilishe vizuri

Kila anayetaka kifaa kitume ujumbe kwa simu hukutana na ugonjwa huu: moduli inawaka, inatafuta mtandao, inajizima, inawaka tena. Mwanafunzi anabadilisha laini, anabadilisha antena, anabadilisha hata msimbo. Dawa iko kwenye umeme. SIM800L inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inaporusha ujumbe huvuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pini ya Arduino haiwezi kutoa hivyo, na waya nyembamba za ubao wa majaribio zinakula volti zilizobaki. Ipe kibadilishaji chake kilichowekwa kwenye volti 4, kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu yake, na waya fupi nene.

Ujumbe nao uandike kwa Kiswahili anachosoma mpokeaji. "Tangi limejaa, zima pampu" ni bora kuliko LEVEL=100.

7. Heshimu radi, na ujue umesimama juu ya jiwe

Utafiti wa radi duniani uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia miaka 16 ya vipimo vya satelaiti ya TRMM, uliiweka Kabare ya Kivu Kusini nafasi ya pili duniani. Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka Goma, ilishika nafasi ya tano, kwa radi zaidi ya 140 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hakuna sababu ya kifaa cha mwanafunzi wa hapa kukosa ulinzi wa radi. Kwenye njia ya 220 weka fyuzi na varista ya volti 275. Waya mrefu unaotoka nje kwenda kwenye tangi au antena nao upate kinga yake, maana huo ndio mlango ambao radi huupenda.

Kisha kuna waya wa ardhi. Vitabu vinasema gongomelea nondo ya shaba mita mbili ardhini. Jaribu kufanya hivyo juu ya lava ambayo volkano ya Nyiragongo iliimwaga Januari 2002 pale katikati ya mji! Hata ukifaulu, jiwe kavu la volkano linapitisha umeme vibaya zaidi kuliko udongo wenye unyevu, na nondo yako inaweza kuwa pambo. Pima upinzani, usikisie. Pengine utalaza waya wa shaba mrefu kwenye mtaro uliojazwa udongo ulioletwa kutoka nje, pengine utategemea zaidi disjonkta diferensiali. TFC nzima inaweza kuandikwa juu ya hili peke yake, kwa kupima nyumba baada ya nyumba, kartie za lava na kartie za udongo, na ingewafaa mafundi wote wa mji.

8. Funika

Moshi wa Nyiragongo unaifanya mvua kuwa na asidi. Angalia mabati. Paka bodi vanishi pande zote mbili baada ya kulehemu, lakini usikipake kihisi. Tumia kisanduku chenye mpira kwenye mfuniko, na waya ziingilie upande wa chini ili mvua isiteleze nazo hadi ndani. Vumbi jeusi la barabarani litafanya mengine, kwa hiyo paneli iwekwe mahali ambapo mwenyewe anaweza kuifuta bila kupanda juu ya paa.

9. Jenga kwa vipuri vya Birere

Kihisi kilichoagizwa kutoka China kikiungua, mama hatasubiri miezi miwili. Kabla ya kuchora saketi, zunguka Birere na kwa mafundi wa redio, uandike kinachopatikana leo. Kisha chora kwa hivyo. Kama kipuri kimoja hakipatikani mjini, agiza viwili zaidi na uvifunge kwa mkanda ndani ya kisanduku.

Betri za kompyuta zilizokufa zina seli nzuri ndani, na mafundi wanazitumia sana. Zipime moja moja. Isiyofika volti 2.5 iache kabisa, na usifunge seli bila bodi ya ulinzi inayokata kwenye 4.2 ikijaa na karibu na 3 ikiisha. Seli ya lithiamu ikiwaka moto ndani ya nyumba ya mbao hakuna wa kuizima.

Mfanye fundi wa kartie kuwa mwenzako tangu mwanzo. Mlipe kitu, mwachie achomelee sehemu fulani. Siku wewe uko Kampala au Bukavu ukitafuta kazi, ndiye atakayeitwa.

10. Kisanduku kisizue hofu

Huu ni mji uliopita vitani, na mapigano ya Januari 2025 hayajasahaulika. Kisanduku chenye waya, antena na taa nyekundu inayopepesa kwenye ukuta wa jirani kinaweza kukuletea matatizo makubwa, wewe na mwenye nyumba. Tumia kisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani. Andika juu yake kwa herufi kubwa kinafanya nini, chuo gani, na namba ya simu. Mwone chefu wa avenyu kabla ya kukifunga, mweleze, mwonyeshe, mwache akiguse. Beba kitambulisho na barua ya chuo kila unapokwenda kusoma vipimo. Na usiguse nguzo wala waya wa kampuni yoyote ya umeme, hata kwa ajili ya kupima tu.

11. Kiache kikae kwa mwenyewe kabla ya juri

Hapa ndipo kazi nyingi zingepona. Maliza kifaa mapema, kiache kwa mama au kwa kijana wa Mugunga kwa wiki kadhaa, nawe usiwepo. Atakichomeka vibaya. Watoto watabonyeza vitufe vyote. Panya atapita. Mtu atafunika paneli kwa kitambaa cha kukaushia. Weka kadi ndogo ya kumbukumbu inayoandika volti na joto kila dakika 5, pamoja na daftari na kalamu kwa ajili ya mwenyewe, aandike lini kilimchosha. Daftari hilo mara nyingi lina thamani zaidi kuliko kadi: mashine haiwezi kukuandikia kwamba king'ora kilikuwa kinaamsha mtoto wa jirani, au kwamba herufi za kioo ni ndogo mno kwa macho ya mzee.

Rudi, rekebisha, kiache tena. Siku ya kutetea, pita haraka kwenye nadharia ambayo juri wanaijua kuliko wewe, na wape grafu ya siku ambazo umeme ulikatika kweli, na friji ilibaki salama. Kama mama anaweza kuja ukumbini, mwombe aje, na mpe nafasi aseme kwa Kiswahili chake kilichomfaa na kilichomkera. Juri likiuliza bei, taja jumla ya vipuri kwa faranga na kwa dola, pamoja na fyuzi iliyoungua mara ya kwanza.

Baada ya hapo kifaa kirudi dukani kwa mama jioni hiyohiyo, na fyuzi mbili za akiba, mchoro wa saketi uliobandikwa ndani ya mfuniko, na namba ya fundi. Msimbo na michoro uviweke kwenye flashi ndani ya jalada la TFC kule maktaba, pamoja na ukurasa mmoja wa kile kilichobaki hakijafanya kazi, ili mwanafunzi wa mwaka ujao aanzie hapo.